Maziwa ya Saa Nne

Mtoto wa Jesca alikataa chupa. Alikataa kikombe, akakataa kijiko, akakataa hata kidole cha bibi yake kilichochovywa kwenye maziwa ya mbuzi. Alikuwa na umri wa miezi mitatu, jina lake Eliana, na alichotaka kilikuwa kimoja tu: ziwa la mama yake. Akilikosa, analia.

Likizo ya uzazi ya Jesca ilikuwa siku themanini na nne, nazo zilikwisha katikati ya Mei. Kwa miaka mitano alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kukamua alizeti nje kidogo ya mji wa Singida, upande wa kujaza mafuta kwenye madumu na kufunga vifuniko. Mumewe, Damiani, aliendesha greda kwenye ujenzi wa barabara huko Itigi, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo likizo ilipokaribia kwisha, mama yake Damiani, Kristina, alifunga nyumba yake ya Issuna akaja mjini kulea mjukuu.

Wanawake hawa wawili hawakuwa wamezoeana. Kristina alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema zaidi kwa Kinyaturu, akiongea na mtoto. Jesca ni wa Misigiri, kwao ni Kinyiramba, kwa hiyo alikuwa akisikia sauti tu na kuambulia neno mojamoja. Asubuhi Jesca alimwamkia, shikamoo Mama, jioni walikula ugali na mlenda kwenye sahani moja, kisha kila mmoja akashika shughuli yake. Hapakuwa na ugomvi. Hapakuwa na mazungumzo pia.

Siku ya kwanza ya kurudi kazini, Jesca alifika nyumbani saa kumi na moja jioni akamkuta mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Kristina alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kanga yake imelowa begani, macho mekundu. Hakulalamika. Alimkabidhi mtoto, akasubiri anyonye mpaka atulie, ndipo akasema, "Kesho nitakuletea."

Kutoka chumba walichopanga hadi kiwandani ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Kesho yake saa nne asubuhi Kristina alifika getini, mtoto mgongoni. Mlinzi alikuwa mwanamume wa makamo aitwaye Mughwai, mwenyeji wa Ikungi. Alimwamkia yule mama, akasikiliza shida yake, akafungua kibanda chake cha ulinzi na kupangusa kiti kwa mkono. Jesca alipoomba ruhusa kwa Benson, msimamizi wa zamu, Benson alimpungia mkono aende, bila hata kuinua macho. Mama na mtoto wakakaa kibandani, na Mughwai akasimama nje akiwapa mgongo, akiitazama barabara. Alikuwa na kitabu cha getini, na humo aliandika kila kilichopita: lori, baiskeli, mgeni, mfanyakazi. Jesca naye akaandikwa, saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Ikawa hivyo kwa wiki tatu. Nusu saa asubuhi, nusu saa tena saa nane mchana. Katikati Kristina alikaa kwenye kivuli cha ukuta akimlaza mtoto, kwa sababu kurudi nyumbani na kuja tena kungemmaliza miguu. Mtoto alianza kunenepa.

Juni ikaja, na msimu ukaja nao. Malori ya alizeti kutoka Mkalama na Iramba yalipanga foleni barabarani mbele ya kiwanda, upepo wa kipupwe ukipuliza makapi mpaka kwenye nywele za watu. Mashine zilikesha. Benson alikuwa amepewa idadi ya madumu ya kufikisha kila zamu, naye aliibeba idadi ile usoni. Jumatano moja asubuhi alimwita Jesca pembeni akamwambia kutoka-toka kusimame mpaka msimu upite.

Jesca alimweleza kwamba mtoto hali kitu kingine. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba muuguzi wa kliniki aliwaambia sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku katika muda wa kazi.

"Kiwanda si kliniki, Jesca," Benson alisema. "Kila mtu hapa ana mtoto nyumbani."

Simu zote zilikuwa zimefungiwa kwenye makabati, kama ilivyo kila zamu, kwa hiyo Jesca hakuwa na namna ya kumpa Kristina taarifa. Alijua yule mama yuko njiani. Ilipofika saa nne, kwa kelele za mashine zile hakuna ambaye angesikia mtoto akilia getini, lakini matiti yake yalijua saa. Ovaroli ililowa kifuani. Alijaza dumu moja, la pili, la tatu. La nne alilifunga kifuniko, akafunga bomba, akamwomba mwenzake amshikie nafasi, akatoka.

Alinyonyesha kwa dakika ishirini na kitu. Aliporudi, Benson alikuwa amesimama kwenye mlango wa idara, mikono kiunoni, na akamwambia aende nyumbani na asirudi. Jesca aliomba barua. Benson alisema hakuna barua ya kumwandikia mtu aliyeacha kazi mwenyewe. Ameacha mashine, ameacha kazi. Wenzake waliinamisha vichwa juu ya madumu. Alipopita getini, Mughwai alimtazama, akatazama saa yake ya mkononi, akainamia kitabu akaandika.

Jioni Jesca alimpigia Damiani. Damiani alisema apumzike kwanza, wataona. Jesca alipumzika. Kwa kweli alikuwa anangoja. Alijiambia kwamba msimu ni mzito, watu hawatoshi, Benson atapoa na kumwita. Kila simu ilipolia aliruka. Siku zikaenda, wiki ikapita, na ya pili. Kristina naye alizidi kunyamaza. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku, alifua nguo ambazo hazikuwa chafu, na mtoto alimpokea kwa mama yake pale tu alipopewa.

Asubuhi moja Jesca alikuta mfuko wa bibi umefungwa kwa kamba na kuwekwa mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Nyumbani." Kristina alikuwa amevaa viatu tayari. "Sasa upo na mtoto mwenyewe. Mimi hapa sina kazi." Akaangalia sakafu. "Ni mimi niliyemleta getini. Ningemwacha alie, leo ungekuwa na kazi yako."

Jesca hakuwa amelia tangu siku ile alipofukuzwa. Sasa alilia. Alichuchumaa mlangoni akaanza kuifungua ile kamba. Lilikuwa fundo la mtu aliyezoea kufunga magunia, na halikufunguka upesi. Kristina alimtazama akihangaika nalo bila kumsaidia wala kumzuia.

"Ungeweza kumwacha alie?" Jesca aliuliza, akiwa bado ameinama.

Kristina alilifikiria swali lile. Hakuwa mtu wa kujibu ili kumfurahisha mtu. "Nisingeweza," alisema mwishowe.

"Basi hata mimi nisingeweza. Nilitoka mwenyewe, Mama. Hakuna aliyenivuta."

Kristina alikaa chini pale pale kizingitini. Baada ya muda aliunyosha mkono, akaivuta kamba mara moja mahali alipopajua mwenyewe, na fundo likaachia. Siku hiyo walipika pamoja, na kwa mara ya kwanza yule mama akamsimulia Jesca jinsi Damiani, alipokuwa mdogo, alivyokataa uji mpaka akatimiza mwaka.

Jumapili Mughwai alikuja nyumbani kwao, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa amemletea Jesca ndala na kikombe alivyoviacha kwenye kabati la kiwandani. Alikunywa chai, akaulizia mtoto, kisha akauliza wamefikia wapi. Jesca alimwambia wanangoja.

Mughwai aliweka kikombe chini. Akawaeleza habari za mdogo wake, Calist, aliyeachishwa kazi ya ujenzi na kungoja hivyo hivyo mpaka siku arobaini na kitu. Alipokwenda kulalamika aliambiwa shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku thelathini tangu siku ya kuachishwa. Aliyechelewa ni lazima kwanza aombe kwa maandishi, aeleze kwa nini alichelewa, na kukubaliwa si hakika. Calist alikata tamaa akarudi kulima.

"Leo ni siku ya ngapi?" Mughwai aliuliza.

Jesca alianza kuhesabu kwa vidole. Kristina ndiye aliyejibu. "Ya kumi na nane."

Jumatatu Jesca na Kristina walikwenda kulalamika, Kristina akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, mtoto mgongoni. Walianzia kwa afisa kazi wa mkoa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba malalamiko mengi ya wafanyakazi yeye huyapokea na anaweza kwenda kukagua kiwanda, lakini kwa mtu aliyekwisha kuachishwa, mahali pa kufungua shauri ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akawaelekeza ofisi yao. Hapakuwa mbali.

Karani wa Tume alikuwa kijana mwenye mafua, jina lake Gasto. Jesca aliuliza ada ni kiasi gani, akiwa ameshika pochi. Gasto alisema hakuna ada. Akampa fomu namba moja, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa jina lako, hapa mwajiri na anuani yake, hapa aina ya mgogoro, hapa tarehe uliyoachishwa, hapa eleza kwa kifupi kilichotokea. Jesca aliandika taratibu, kwa mwandiko wa shule ya msingi, akisimama kila mara kumtazama mtoto.

Alikwama penye nafasi ya matokeo anayoyataka. Gasto alimweleza kwamba wengine huomba fidia, wengine huomba kurudishwa kazini, achague mwenyewe. Kristina alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yao. Jesca aligeuka kumtazama, na yule mama akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hili si lake. Jesca akaandika: Kurudi kazini, na kumnyonyesha mwanangu.

Gasto aliisoma mara mbili. Akapangusa pua. "Inatosha," alisema. "Sasa nakala moja mpelekee mwajiri, asaini kwamba amepokea. Ukinirudishia hii yenye saini, shauri limefunguliwa."

Hilo ndilo lilimtisha Jesca kuliko yote. Kuingia tena kiwandani na karatasi mkononi. Alfajiri ya Jumanne aliamka, akaoga, akaenda. Katibu muhtasi wa kiwanda, mwanamke aitwaye Dina, aliisoma fomu akiwa amesimama, akaingia nayo ndani, akatoka. Alisema Benson ameagiza isipokelewe. Jesca hakuondoka.

Dina aliketi. Akavuta droo akatoa muhuri. "Kazi yangu mimi ni kupokea barua," alisema, kama anaongea na meza. "Sikuajiriwa kuzichagua." Akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili, akaandika tarehe na kusaini. Alipomrudishia Jesca yake aliuliza kama mtoto amekwisha kuanza kugeuka mwenyewe. Jesca alisema bado, lakini anajaribu.

Waliitwa kwenye usuluhishi katikati ya Julai. Damiani aliomba ruhusa ya siku moja akanyimwa, akapiga simu tangu asubuhi mara tano. Kristina alikaa kwenye korido na mtoto, kwa sababu ndani waliingia wahusika tu.

Msuluhishi alikuwa mwanamke mtu mzima, Bi Magreth, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza kwa kuwaeleza kwamba pale si mahakamani, yeye hakuja kumhukumu mtu. Kazi yake ni kuwasaidia waafikiane, na wakishindwa shauri litakwenda kwa mwamuzi, na huko mwajiri ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba alimwachisha mtu kwa haki. Kwa upande wa kiwanda walikuwa wawili, Benson na afisa utawala aitwaye Clement, mwanamume mpole aliyevaa suti.

Jesca alisimulia kwanza. Hakuruka kitu. Benson akafuata, akasema mfanyakazi huyu alikuwa anaondoka kwa masaa, na siku ile aliacha mashine akaenda zake. Clement alikuwa amekuja na kitabu cha getini kuthibitisha hayo. Inaelekea alikuwa hajakisoma, kwa sababu Bi Magreth alipomwomba asome mwenyewe kwa sauti, alifungua kwa kujiamini.

Akasoma. Kutoka saa nne na dakika mbili, kurudi saa nne na nusu. Kutoka saa nane kamili, kurudi saa nane na dakika ishirini na nane. Siku baada ya siku, wiki tatu, na hapakuwa na siku hata moja iliyofikisha jumla ya saa mbili. Kadiri alivyoendelea ndivyo sauti ilivyopungua. Akafika Jumatano ile, na alikuwa amekwisha kuusoma mstari wote kabla hajatambua anachosoma: "Saa nne na dakika tano Jesca katoka kunyonyesha. Saa nne na dakika thelathini na moja karudi kazini. Karudishwa nyumbani na msimamizi. Hakuacha kazi."

Clement alifunga kitabu polepole. Benson aliangalia mikono yake.

Nje, kwenye korido, Eliana akaanza kulia. Alianza kwa kunung'unika, kisha kwa nguvu zake zote, na chumba kile hakikuwa na dari ya kuzuia sauti. Jesca hakusogea. Aliukaza uso tu. Bi Magreth alivua miwani.

"Tupumzike dakika ishirini," alisema. "Mama akanyonyeshe."

Jesca alikaa kwenye benchi la korido, Kristina akimkinga kwa kanga. Benson naye alitoka, akapita, akarudi, akasimama karibu na dirisha kwa kukosa pa kwenda. Ikambidi amwamkie yule mama. Kristina aliitikia marahaba, akamuuliza ana watoto wangapi. Benson alisema wawili, wako Kiomboi na mama yao.

"Wa mwisho bado ananyonya?"

"Bado."

Kristina akaivuta kanga vizuri. Upepo ulikuwa unaingia kwa nguvu pale dirishani, wenye baridi na vumbi. Benson akanyosha mkono akalifunga dirisha, akarudi ndani.

Kikao kilipoendelea hakikuchukua muda mrefu. Clement ndiye aliyesema kwamba kiwanda kiko tayari. Waliandika kwamba Jesca anarudi kazini kwake kama ambaye hakuwahi kuachishwa, na kwamba kitatengwa chumba ndani ya uzio kwa ajili ya mama wanaonyonyesha. Bi Magreth alisoma hati nzima kwa sauti, kifungu kwa kifungu, akamuuliza Jesca kama kuna mtu amemlazimisha. Jesca alisema hapana. Akaomba neno moja libadilishwe.

"Hapo palipoandikwa ataruhusiwa kutoka saa mbili kwa siku kunyonyesha," alisema, "naomba paandikwe atatoka."

Bi Magreth alimtazama Clement. Clement akakubali. Likabadilishwa kwa kalamu, na wote wakasaini pembeni, Benson wa mwisho.

Haikuwa rahisi kurudi. Wiki ya kwanza wenzake walimsogelea kwa tahadhari, kama mtu aliyetoka wodini, na Benson aliongea naye kwa neno moja moja. Chumba kilichotengwa kilikuwa stoo ya magunia karibu na sanduku la huduma ya kwanza. Jesca aliifagia mwenyewe akaweka mkeka. Mwezi wa nane wanawake wawili wengine walianza kuletewa watoto. Mmoja alikuwa amekwisha kumwachisha mtoto ziwa kwa ajili ya zamu, akajaribu tena, na maziwa yakarudi.

Mughwai alihamishwa. Kampuni yake ya ulinzi ilimpeleka kulinda ghala Manyoni, bila maelezo. Jesca alipompigia kumpa pole, alisema ukweni kwake ni huko huko, hivyo ameletwa karibu. Jesca hakuamini kwamba ni hilo tu, na hakuacha kulifikiria. Alimuuliza kama angependa wakalisemee mahali. Mughwai alicheka kidogo akasema siku zake thelathini anazihesabu mwenyewe, akiona amepungukiwa na kitu atawaambia.

Kristina alikaa mpaka Oktoba. Wakati huo Eliana alikuwa anakula uji na kutambaa, na jirani alikuwa tayari kumlea na kumpeleka kiwandani mara mbili kwa siku. Shamba la Issuna lilihitaji kusafishwa kabla ya mvua. Jesca alimsindikiza mpaka stendi kabla ya zamu. Hawakusemezana sana, zaidi ya Kristina kuagiza kwamba uji usiwe mzito na kofia ya mtoto isisahaulike upepo ukivuma. Basi lilipowashwa alimshika Jesca mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida ya kuagana, akapanda.

Jioni alipiga simu. Alikuwa amepanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa mtandao wa Issuna unapatikana hapo. Alisema amefika salama na shamba lina magugu mengi. Kisha akauliza kama mtoto amelia.

"Kidogo tu, Mama."

"Niwekee simu karibu naye."

Jesca aliisogeza simu kwenye sikio la Eliana, aliyekuwa ananyonya akielekea kulala. Hakusikia bibi anasema nini. Aliona tu mtoto ameacha kunyonya, amefumbua macho, anasikiliza.